Sababu Halali ya Kumwondoa Mama Futi

Jumatatu, 2 Juni

Nimeamua. Mama Futi lazima aondoke.

Si kwa chuki. Mimi sina chuki na mtu, hasa mtu wa chini yangu. Ila duka letu la mapazia lina nafasi moja tu ya mpimaji wa madirisha, na nafasi hiyo ameikalia yeye tangu mimi navaa kaptula za shule. Na nyumbani kwangu yupo shemeji, mdogo wake mke wangu, ambaye alikuja kusalimia. Salamu gani hii isiyokwisha? Alikuja na begi moja, sasa ana rafu yake kwenye kabati letu. Analala sebuleni, kwenye kochi langu refu, miguu imepita mkono wa kochi na soksi zinaning'inia. Mimi nikitoka kazini nakaa kwenye stuli ya jikoni kama fundi bomba anayesubiri kulipwa.

Leo nimemuuliza mke wangu mdogo wake anaondoka lini. Akasema akipata kazi. Nikauliza kazi gani. Akasema si wewe ni meneja.

Amenishika pabaya. Ndiyo, ni meneja. Nina cheti cha utawala, kimetiwa fremu, kipo ukutani ofisini juu ya marobota ya vitambaa. Meneja asiyeweza kumpa shemeji yake kazi ni meneja wa nini?

Sasa huyu Mama Futi. Wanamwita hivyo kwa sababu futi ya kupimia haitoki shingoni mwake, nadhani hata analala nayo. Kazi yake ni kwenda nyumba za wateja kupima madirisha. Anatoka asubuhi kupima dirisha moja, anarudi alasiri ameshiba, na habari za ukoo mzima anazo. Yupi anaoa, yupi kagombana na mama mkwe, yupi kanunua friji kwa mkopo. Na mimi ananiita mwanangu. Mbele ya mafundi! Juzi nilimwambia aharakishe vipimo vya ofisi za mteja mmoja, akanijibu sawa mwanangu, umekula lakini?

Kumfukuza mtu ni kazi ndogo. Wiki hii haitaisha.

Jumanne, 3 Juni

Nimepita kwa binamu yangu wakili. Ofisi yake iko juu ya duka la viatu, ngazi nzima inanuka gundi. Nilitegemea aniambie andika barua, piga muhuri, kwisha. Badala yake kanipa somo kama vile mimi ndiye nafukuzwa.

Anasema huwezi kumwachisha mtu kazi kwa sababu umechoka kuiona sura yake. Anasema lazima pawe na sababu halali. Ama kakosa nidhamu, ama kazi imemshinda, ama kazi yenyewe imepungua hadi haihitaji mtu. Na hata ukiwa na sababu, kuna utaratibu. Umwambie kosa lake kwa maandishi. Umpe nafasi ya kujieleza. Umwite kwenye kikao, na aje na mwenzake amchague mwenyewe wa kumsemea.

Nikamuuliza kama kuna njia ya mkato. Akasema iko, inaitwa kushtakiwa.

Wanasheria hawa wanapenda kukuza mambo ili waonekane wamesoma. Mimi nimepata ninachokitaka. Sababu tatu! Mama Futi anazo zote tatu, na za akiba.

Alhamisi, 5 Juni

Nidhamu kwanza. Nimeanza na kuchelewa.

Asubuhi nilisimama mlangoni na saa mkononi. Mafundi waliingia. Mfagiaji aliingia. Mama Futi hakuonekana. Nikasubiri, roho kwatu. Jua lilipopanda akatokea kwa mwendo wake ule wa mtu anayekwenda kutazama maua. Nikampa karatasi ya mashtaka papo hapo na kumtaka ajieleze alikuwa wapi saa za kazi.

Akasema alikuwa kwangu.

Nikamwambia asinifanyie mzaha. Akasema hafanyi mzaha, mke wangu kampigia simu jana aende kupima dirisha la sebule, maana shemeji anapigwa na jua la asubuhi akiwa amelala kwenye kochi na hapati usingizi mzuri. Akasema amekunywa chai na mandazi, na kijana yule ni mchangamfu sana, wamecheka mpaka basi. Akanionyesha vipimo. Akaniuliza nataka kitambaa kizito au chepesi.

Kwa hiyo kumbe alikuwa kazini. Kwa mteja. Mteja mwenyewe mimi.

Mafundi waliinamia vyerehani vyao, lakini mabega yalikuwa yanawatikisika. Nimewaona. Karatasi ya mashtaka nimeichana. Kitambaa nimechagua chepesi, cha bei ya chini, apigwe na jua vizuri.

Jumamosi, 7 Juni

Leo nilikaribia kulia kwa furaha. Mama Futi amekosea kipimo!

Mapazia ya nyumba ya mama mmoja mwenye kitalu cha miche yametundikwa leo, na ni mafupi. Yameishia juu ya sakafu shibiri nzima. Fundi aliyeyatundika kaja kuniambia kwa kunong'ona, kwa huruma, eti nisimwambie Tajiri. Tajiri ndiye mwenye duka. Huruma kitu gani? Nilimpigia Tajiri kabla fundi hajamaliza sentensi. Nikamwambia hii ndiyo inaitwa kushindwa kazi, ni sababu halali, twende tukaone kwa macho yetu tukiwa na mlalamikaji.

Tajiri hapendi kutolewa ofisini Jumamosi. Alikuja amenuna. Mama Futi nilimchukua pia, maana ana haki ya kusikilizwa, mimi nafuata utaratibu. Njiani alikiri mwenyewe. Alisema siku ile walizama kwenye stori na yule mama, akaandika nambari ya dirisha la jikoni mahali pa sebule. Hakujitetea hata kidogo. Nikamtazama Tajiri kwa jicho la umesikia.

Tukafika. Nikamtaka mlalamikaji alalamike.

Akasema ameyapenda mno. Akasema mapazia ya zamani yalikuwa yanafagia sakafu, kila akipiga deki yanalowa, na mtoto wa mwanawe alikuwa akiyavuta mpaka bomba linadondoka. Sasa deki inapita chini bila shida. Akasema vyumba vya kulala navyo anataka hivyo hivyo, na dada yake pia anataka. Akamshika Mama Futi mkono akamwita mtaalamu.

Mtaalamu! Mtu kakosea waziwazi, kakiri kwa mdomo wake, anapewa oda mpya na glasi ya maji ya matunda. Mimi sikupewa hata maji. Tajiri kaniambia siku nyingine nikiwa na habari njema kama hii niiseme kwa simu.

Jumanne, 10 Juni

Sababu ya tatu. Kazi imepungua.

Hii nimeibuni kwa akili. Jana nilibandika tangazo mlangoni kwamba kuanzia sasa wateja watajipimia wenyewe na kuleta vipimo dukani. Nafasi ya mpimaji imefutwa. Hakuna lawama, hakuna kosa, ni mabadiliko ya kiutawala tu. Mama Futi alilisoma tangazo, akasema basi leo atakaa na mafundi apige soga kidogo. Akakaa. Akapiga soga. Uzalishaji ulishuka nusu.

Na wateja! Sijawahi kujua kwamba tunauzia watu wa aina hii. Mmoja amepima dirisha kwa mkanda wa mumewe na hakuja na mkanda, kwa sababu mumewe kauvaa. Mmoja ameleta vipimo kwa shibiri. Nikamuuliza shibiri ya nani, akanyoosha mkono, akaniambia pima. Bwana mmoja kaja na kamba nzuri yenye fundo, nikamsifu, halafu akasema ameikata kidogo njiani kufungia mfuko.

Mchana Tajiri kauliza kwa nini hakuna kitambaa hata kimoja kilichokatwa. Ikabidi nibebe ngazi nikapime mwenyewe. Nyumba ya kwanza ina dirisha juu ya bafu. Sitaandika yaliyotokea. Suruali iko kwenye kamba, na mwenye bafu ameombwa radhi.

Jioni nikampigia binamu kumwambia angalau sababu moja imekubali. Akaniuliza nikishaifuta nafasi, shemeji nitamwajiri kwa nafasi gani. Nikamwambia mpimaji. Akasema mtu ukimwondoa kwa kusema kazi yake haipo, halafu kesho unamweka shemeji yako kwenye kazi ile ile, hiyo si sheria, hicho ni kichekesho, na mahakama nayo itacheka kabla ya kukulipisha.

Nimelibandua tangazo. Limetoka na rangi ya mlango.

Alhamisi, 12 Juni

Kikao cha nidhamu kimefanyika leo. Napaswa kukiandika vizuri, kwa sababu sijawahi kuongea vizuri kama leo.

Mashtaka niliyaandaa upya. Kula kwa wateja saa za kazi. Kupiga soga. Na kumwita meneja mwanangu mbele ya mafundi, kinyume na heshima ya cheo. Tajiri alikubali kuwa mwenyekiti, akaleta kiti chake, akaweka simu mezani kifudifudi. Nikamweleza Mama Futi haki yake kwamba anaweza kumchagua mwenzake yeyote wa kazini amsemee.

Akatazama mafundi. Akatazama mfagiaji. Akasema amemchagua mwanangu huyu, aliyesoma.

Yaani mimi.

Nikasema haiwezekani, mimi ndiye mshtaki. Tajiri akauliza kama utaratibu unasema mshtaki haruhusiwi. Nikasema nilivyoambiwa ni mwenzake yeyote. Tajiri akasema basi, utaratibu ufuatwe, si ndio wimbo wangu wiki mbili hizi?

Nikasimama kushoto mwa meza nikayasoma mashtaka. Nilikuwa mkali. Kisha nikahamia kulia nikayajibu. Na hapo, sijui ni kitu gani. Mtu mwenye kipaji hawezi kukizuia kwa sababu tu kiko upande wa pili wa meza. Nikasema mama huyu yupo hapa tangu duka lina cherehani kimoja na taa ya kuazima. Nikasema anakula kwa wateja kwa sababu wateja wanamkaribisha, na wateja hawamkaribishi mwingine. Kila chai aliyokunywa imezaa oda. Nikauliza wenzangu, ni nani aliyenishikia ngazi wiki yangu ya kwanza, nilipokuwa natetemeka juu na sisemi? Hajamwambia mtu hadi leo. Na neno mwanangu, nikauliza, ni tusi tangu lini? Mimi mama yangu hayupo. Anayeniuliza kama nimekula, saa za kazi, ni huyu mmoja tu.

Fundi mkubwa alipenga kamasi kwa kipande cha satini. Mama Futi alikuwa analia. Mimi pia macho yalikuwa na maji, lakini ni kwa ajili ya ufasaha.

Tajiri akasema mashtaka yametupwa. Akampongeza mtetezi.

Nilirudi nyumbani nimejaa fahari, mpaka nilipofungua mlango nikaona miguu ile kwenye kochi. Ndipo nikakumbuka nilikuwa nataka nini. Mwenyewe nimejipalia makaa.

Jumamosi, 14 Juni

Nimetafakari. Kikao ni ushauri tu. Neno la mwisho ni la meneja, nina hakika limeandikwa mahali fulani. Kinachotakiwa ni barua nzito, yenye lugha ya kisheria, isiyoacha mwanya.

Nimeiandika leo sebuleni, kwenye stuli, kompyuta mapajani, shemeji akitazama mpira na kushangilia kwa miguu. Mke wangu aliomba aisome kabla sijaichapa. Nikakataa. Akasema ninaandika kwa haraka nikiwa na hasira, huwa naruka herufi. Nikamwambia mtu mwenye cheti cha utawala hasahihishwi na mtu anayepanga vikombe. Akaniuliza vikombe ninavyonywea mimi? Naye shemeji, bila kugeuza shingo, akaniuliza kama barua ni ya kumpatia kazi. Nikasema ndiyo. Akasema isiwe ya kuanza asubuhi sana.

Barua inasema hivi, na nainakili kwa sababu ni nzuri. Mimi meneja wa duka hili, nikiwa na akili timamu na bila kushurutishwa na mtu yeyote, baada ya kutafakari kwa kina, nimeamua kukuachia kazi kuanzia leo Jumatatu. Uamuzi huu ni wa mwisho na hauna rufaa. Nakutakia kila la heri. Saini. Muhuri. Nakala kwa Tajiri.

Hapo hata binamu hana pa kupenya.

Jumatatu, 16 Juni

Nitaandika yote kama yalivyokuwa.

Asubuhi niliwakusanya wote. Tajiri alikuwepo. Nikampa Mama Futi bahasha mbele ya watu, iwe fundisho. Akasema miwani ameisahau kwa mteja, bila shaka alikokunywa chai, akampa Tajiri amsomee. Tajiri akasoma kwa sauti, polepole. Alipofika mwisho akarudia sehemu ya katikati.

Kisha Mama Futi akanikumbatia. Akasema mwanangu, sikujua una moyo huu. Akasema tangu siku ile nilipomtetea alijua kuna kitu, lakini hili hakulitegemea, hata mtoto wa kumzaa hafanyi. Nikadhani ni mshtuko. Watu wakimwaga unga wengine hucheka. Halafu mafundi wakaanza kupiga makofi. Makofi! Nikawaza, kumbe nao walikuwa wamemchoka, wanafiki wakubwa. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu kidogo, kama kiongozi.

Tajiri akanipa mkono, mkono mrefu, na tabasamu ambalo sijawahi kuliona kwake. Akasema amekubali. Akaniomba funguo za ofisi.

Nikauliza funguo za nini. Akanigeuzia barua, akaweka kidole kwenye neno. Nimeamua kukuachia kazi.

Kukuachia.

Kukuachisha, nilisema, nilimaanisha kukuachisha, zimeanguka s na h, herufi mbili tu, kila mtu anajua nilichomaanisha! Tajiri akasema yeye si mganga wa kujua watu wanamaanisha nini, yeye anasoma. Meneja kamwachia mama huyu kazi yake, kwa akili timamu, bila kushurutishwa, bila rufaa. Akasema barua nzuri kama hii hajawahi kupewa na mfanyakazi.

Mbio kwa binamu. Alisoma. Akaenda kusimama dirishani, amenipa mgongo, mabega kama ya wale mafundi. Aliporudi alisema angeweza kunitafutia pa kushika, lakini kila mlango nimeufunga mwenyewe na kupiga muhuri juu. Ningekuwa nimefukuzwa, alisema, angewauliza sababu halali. Lakini aliyeacha mwenyewe haulizwi.

Mama Futi ameanza umeneja mchana huu. Futi bado ipo shingoni. Cheti changu wamenipa nikichukue, na msumari wake.

Jumatano, 25 Juni

Mke wangu hanisemi. Ananipikia, ananitazama, halafu anatoka chumbani, na mara nasikia kicheko jikoni. Afadhali angenisema.

Nafasi ya mpimaji ilibaki wazi, maana mpimaji kawa meneja. Niliivizia. Jumatatu nilikwenda kuiomba, nikiwa nimenyoa, nimevaa tai. Mama Futi alinipokea kwa upendo mkubwa, akaniuliza kama nimekula. Kisha akasema mwanangu, mtu aliyekuwa bosi kupanda ngazi kupima bafu za watu, siwezi kukudhalilisha namna hiyo. Tena nafasi ameshapewa yule kijana wenu mchangamfu.

Shemeji! Anaondoka asubuhi na futi shingoni, anapiga mluzi. Jana kaja na mshahara wa wiki ya kwanza, kamnunulia dada yake viatu. Kuhama hajahama, anasema hapa ni karibu na kazini. Kochi nimelipata, nalala juu yake mchana kutwa, na sikujua kwamba ni gumu hivi. Jioni akirudi, mke wangu ananiomba nimpishe mdogo wake, ametoka kazini, amechoka.

Shemeji ameniambia kwa upole kwamba nikitaka kazi atanisemea kwa Mama Futi. Anisemee mimi! Nilimwajiri mimi yule, ukifuatilia vizuri.

Lakini sijalala bure. Nimemchunguza. Leo katoka nyumbani amechelewa, nimeona kwa macho yangu, nilikuwa macho. Nguo zinanuka vitafunwa vya wateja. Na jana kipimo kimoja kakiandika kwenye kiganja, halafu akanawa. Nidhamu hana, kazi itamshinda, na nafasi haiwezi kufutwa kwa hiyo nitaweza kuingia mimi. Sababu zipo, halali kabisa. Kesho asubuhi naenda kwa binamu kuuliza kama utaratibu ni ule ule. Barua ya kumwachisha nitamwandikia Mama Futi usiku huu, yeye asaini tu. Mke wangu keshaomba aisome kwanza. Nimemkatalia.